Mstari wa Vitone

Wenye biashara ndogo wana ugonjwa mmoja, na Pambizo ameuuguza kwa miaka thelathini bila kuona aliyepona: hawawezi kuona karatasi nyeupe wakaiacha. Mwachie fundi viatu nafasi ya vidole viwili kwenye kipeperushi chake, atataka iwekwe picha ya kiatu. Kiatu kikishaingia, atataka na cha pili, kwa sababu viatu ni viwili. Kisha atakumbuka kwamba anashona mikoba pia, na shemeji yake anauza maji ya betri, basi na maji ya betri yatafutiwe pa kukaa. Karatasi inajaa pomoni, mtu akipewa barabarani hajui aanzie wapi kuisoma, anafutia kioo cha gari. Wiki inayofuata fundi viatu huyo anarudi amekunja uso, anasema kuchapisha ni kupoteza hela.

Jina la Pambizo si la kuzaliwa. Alibandikwa na wateja, maana hakuna aliyetoka dukani kwake bila kuhubiriwa habari za pambizo, ule ukingo mtupu unaozunguka maandishi. "Macho nayo yanataka pa kupumzikia," alizoea kusema, huku akifuta nusu ya yale mteja aliyoyaandika kwa uchungu usiku kucha. Mahubiri yalikuwa na sura ya pili: anwani iandikwe mara mbili, juu na chini, kwa sababu karatasi huchanika. Na sura ya tatu, ambayo aliitoa kwa sauti ya mtu aliyechoka kuisema: barua moja kwa mtu aliyewahi kununua kwako ni bora kuliko vipeperushi mia vya kurushia watu wasiokujua. Wateja walitikisa vichwa kwa adabu, wakaagiza vipeperushi elfu.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele kaunta, ambako mke wake alikaa akikunja karatasi haraka kuliko mashine yoyote ambayo wangeweza kuinunua. Nyuma mashine ya kuchapia, kuukuu, iliyokubali kufanya kazi kwa kubembelezwa. Katikati kisu cha kukatia karatasi, na ukutani, juu ya kisu, Pambizo alikuwa amebandika kazi mbaya kuliko zote alizowahi kulazimishwa kuchapa. Aliuita ukuta wa majuto. Wateja wengine walidhani ni sampuli, wakamwomba awafanyie kama hiyo.

Basi siku moja asubuhi, wiki tano kabla shule hazijafunguliwa, akaingia dada yake.

Huyu dada ni fundi cherehani, na hapa lazima nieleze, la sivyo mtashangaa kwa nini Pambizo hakumtoa nje kama ambavyo angemtoa mtu mwingine. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake saba. Akakaa kwenye cherehani, na hakuinuka mpaka yule mdogo alipojua kusoma, kuandika na kuchapa. Alishona sare za shule. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikwenda shule ndani ya suruali na sketi zake. Sasa Pambizo ana mvi mpaka kwenye nyusi, na dada yake akiingia bado anasimama.

"Mdogo wangu," alisema Dada, akaweka karatasi juu ya kaunta, "nataka hizi elfu tano."

Pambizo akaisoma. Mkewe, aliyemjua, akasogeza chupa ya wino mbali na mkono wake.

Ilikuwa na sare. Ilikuwa na mapazia, mashuka, gauni za harusi, kupunguza nguo, kuongeza nguo, kubadilisha zipu. Ilikuwa na shukrani kwa wateja wote wa zamani, na pole kwa waliofiwa. Kwenye kona moja ameandika "hapa picha ya marehemu mume wangu."

"Shemeji anaingiaje kwenye sare za shule?"

"Alikuwa mtu wa watu."

"Dada, mtu akiipokea hii hatajua kama amealikwa harusini au matangani."

"Wewe kazi yako ni kuchapa au kunisema?"

Pambizo alimwuliza, taratibu kabisa, hizo elfu tano atazigawa wapi. Dada akasema atazimwaga sokoni. Alimwuliza ni wangapi sokoni wenye watoto wa shule. Dada akasema yeye haendi sokoni kuhesabu watoto wa watu. Wakaendelea hivyo karibu saa nzima, mpaka mkewe akachoka kuwasikiliza, akauliza lile swali ambalo mumewe kwa hasira zake alikuwa amelisahau.

"Wifi, kwani kumetokea nini?"

Ndipo Dada akavuta kiti, akasema. Katikati ya mwaka jengo lake la zamani lilibomolewa. Amehamia chumba cha nyuma ya duka la rangi, ghorofa ya kwanza, mwisho wa ukumbi, mahali ambapo hata mtu anayekutafuta hakuoni. Simu yake nayo ilipotea siku ya kuhama, na nambari ikaenda nayo. Wateja wamepita pale pa zamani wakakuta vifusi, wakasema basi, mama amepumzika. Mwaka uliopita wakati kama huu alikuwa na oda tisini. Sasa anazo tatu. Mwenye nyumba anataka kujua tarehe thelathini kama anabaki mwaka mzima au anatoka.

"Nimejiwekea arobaini," alisema. "Zikifika oda arobaini kabla ya hiyo tarehe, nabaki. Zisipofika, narudisha funguo nakuja kukaa kwenu. Nitakusaidia hapa."

Kukaa na dada yake nyumba moja lilikuwa jambo la kutisha, hilo sitaficha, lakini silo lililomuuma. Pambizo alimwona akilini amekaa barazani, mikono mapajani, haina kitu. Hajawahi kumwona mikono yake ikiwa haina kitu, na hakutaka kuanza kuiona.

"Una majina ya hao wateja wa zamani?" aliuliza.

Dada akacheka kwa dharau. Akatoa kwenye mkoba daftari la jalada gumu, limenenepa kama tofali. Daftari la vipimo. Kila ukurasa una jina la mtoto, mtaa na namba ya nyumba, kiuno, mabega, urefu wa mguu, tarehe. Na pembeni safu moja nyembamba ya maelezo kwa mwandiko wake wa kulala. *Anavunja zipu. Mama yake hataki ibane. Anakua, acha pindo.*

Pambizo alilifunua, akapitisha kidole kwenye safu ile. Miaka thelathini anawaambia watu mwandikieni mnayemjua, na hapa yuko mtu anayejua mpaka kimo cha goti la mteja, anataka kwenda kumwaga karatasi sokoni. Alitamani kulia. Badala yake alichukua kalamu.

Barua aliyoiandika ilikuwa fupi. *Mzazi mpendwa, mwaka jana nilimshonea* — nafasi ya jina — *nguo yenye urefu wa inchi* — nafasi ya namba. *Bila shaka ameshaipita. Nimehama, lakini sijaacha kushona. Mahali nilipo pameelezwa hapo chini.* Basi. Chini yake mstari wa vitone, na chini ya mstari, kipande cha kukata na kutunza: njia ya kufika, nambari mpya ya simu, saa za kazi, na siku za kuletwa mtoto apimwe. Pande zote pambizo, nyeupe, pana, safi. Alijivunia kazi ile. Kwenye ukingo wa kushoto tu, kwa herufi ndogo kama sisimizi, zikiwa zimesimama, aliweka kile anachokiweka kwenye kila kazi yake tangu aanze: jina la duka lake, mtaa na simu.

Dada alivaa miwani. "Unasema pambizo isiguswe. Mbona wewe umeikalia?"

"Hiyo ni saini ya mchapaji. Ni desturi ya kazi."

"Mimi sina pa kuweka mapazia, wewe una pa kuweka simu yako."

"Dada."

"Haya. Na hapa pote patupu? Karatasi nzuri namna hii? Ningekuwa mimi nakata nguo hivi, watu wangesema fundi mwizi."

Alikubali, kwa kununa. Wakachapa mia mbili na kumi, na rimu ya mwisho ya karatasi nzito ikaisha. Makubaliano yalikuwa kwamba Dada ajaze majina na vipimo kwa mkono wake mwenyewe, atie kwenye bahasha, azigawe. Pambizo alimweleza mara tatu. Mara ya tatu Dada alimwambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Ikapita wiki. Dada alijaza, akagawa mlango kwa mlango, mitaa sita, na miguu yake ile yenye kuvimba. Hakubisha hodi hata nyumba moja. Alizisukuma chini ya milango akaondoka, kwa sababu, alivyosema baadaye, hakutaka mtu amwone amekuja kuomba. Kisha akakaa karibu na mashine yake akasubiri. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili akaja mwenye duka la rangi kuuliza saa. Ya tatu, ya nne, hakuna. Tarehe ishirini na tano Pambizo alishindwa kuvumilia, akafunga mashine, akaenda kumwona.

Alimkuta amepiga magoti sakafuni na boksi la viatu mbele yake, ndani yake vipande vya karatasi vimepangwa kwa mafungu na kufungwa kwa uzi. Vizuri sana, kingo zimenyooka. Pambizo aliinama akaokota kimoja. Njia ya kufika, nambari mpya, saa za kazi.

"Hivi ni nini?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Si vile vipande. Nimekata vyote. Mia mbili na kumi, hakuna hata kimoja kilichopinda."

"Umekata wewe?"

"Kwani mstari wa vitone ni wa nini?" Dada alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza maji ni ya nini. "Miaka hamsini nakata kwenye vitone. Ungetaka nisikate, ungechora mstari mzima."

Pambizo alishika kichwa. Alitoka ukumbini, akarudi, akatoka tena. Alitaka kumwuliza kama alidhani yale maneno yameandikiwa nani, kama alidhani anajielekeza mwenyewe njia ya dukani kwake, na kwa nini, kwa nini, mtu akiambiwa mara tatu hasikii. Barua mia mbili na kumi ziko kwenye nyumba za watu zikisema *pameelezwa hapo chini*, na chini hakuna kitu, ni ukingo uliokatwa vizuri sana kwa mkasi.

Alifungua mdomo ayaseme yote hayo, na ndipo likamjia jingine. Anwani iandikwe mara mbili, juu na chini, kwa sababu karatasi huchanika. Alikuwa amemwambia hayo fundi viatu, kinyozi, muuza magodoro na mwalimu wa udereva. Kwenye barua ya dada yake ameiandika mara moja, chini, kwa sababu juu ingemharibia weupe wake. Akafunga mdomo. Hakuna hasira mbaya kama ile unayoinyanyua kumpiga nayo mwenzio ukakuta ni yako.

"Mimi ndiye niliyeharibu," alisema.

"Najua," alisema Dada, ambaye hakujua, lakini hakuwa mtu wa kukataa maneno kama hayo yakitoka kwa mdogo wake.

Kuvigawa vile vipande upya, Dada hakutaka kusikia: hawezi kurudi mlangoni kwa mtu mara ya pili. Na karatasi nzito hakuna tena mjini mpaka mwezi ujao. Achape usiku ule ule? Wapi, mashine nayo ilichagua wiki hiyo kuuma karatasi. Pambizo alirudi dukani akamweleza mkewe, na mkewe, aliyekuwa na simu sikioni, alimnyooshea mkono anyamaze.

"Ndiyo," mkewe alikuwa akisema. "Hapana, hapa ni kwa mchapaji. Hapana, sisi hatushoni." Akasikiliza. "Ngoja nikupe mwenyewe."

Alikuwa mwanamume mmoja mwenye sauti nzito na ghadhabu zake. Alitaka kujua nani amewapa habari za mguu wa mwanawe. Pambizo alimweleza. "Kumbe mama yule hajaacha?" sauti ikasema, nyingine kabisa sasa. "Tulidhani ameacha. Mke wangu ameisoma barua mara nne, ameigeuza huku na huku, chini hakuna kitu. Mwisho ndipo alipoona vijidudu vimesimama hapa pembeni. Tumetumia miwani ya bibi."

Huyo alikuwa wa kwanza. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamepiga saba. Kila mmoja alianza kwa lawama, maana kila mmoja aliambiwa atazame chini na chini hapakuwa na kitu, na Pambizo, mtu mwenye kazi tatu zilizochelewa, alisimama katikati ya wino akieleza njia ya duka la rangi, ghorofa ya kwanza, mwisho wa ukumbi. Kesho yake wakaanza kuja wenyewe, kwa sababu mtaa aliouandika pembeni ulikuwa wake. Wanaingia na watoto, wanawasimamisha mbele ya kaunta, "Haya, mpime." Alijaribu kuwaelekeza. Wengine walikasirika. Mama mmoja alisema ameshapanda basi moja na hapandi ngazi. Mkewe akampigia Dada aje yeye na futi yake shingoni, naye akaja, akapima watoto kati ya mashine na kisu, akimwambia mdogo wake ajisogeze, asimtie wino kwenye daftari.

"Jisogeze wapi? Hili ni duka langu."

"Shika hapa kiunoni, usivute."

Mchapaji wa miaka thelathini, ameshika ncha ya futi. Mwenye saluni aliyekuja kuchukua kadi zake alisimama mlangoni akatazama, akauliza kama siku hizi wanashona.

Tarehe thelathini ikafika. Kwa hesabu ya daftari oda zilikuwa zimefikia arobaini na moja, kisha asubuhi hiyo ndugu wawili wakahamishwa shule na oda zao zikafutwa. Saa kumi jioni hakuna aliyeingia tena. Dada alikaa kwenye kiti cha wateja, funguo za chumba chake mkononi, daftari mapajani.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Ni arobaini hiyo," alisema Pambizo bila kuinua kichwa.

"Nilisema arobaini."

"Dada, nani anakuhesabia? Ulijiwekea mwenyewe. Jiondolee mwenyewe."

"Nikianza kujidanganya mwenyewe leo, kesho nitamdanganya mteja." Alisimama, akanyoosha sketi. "Mwenye nyumba anafunga saa kumi na moja. Ngoja nimpelekee."

Sijui kama mmewahi kuwa na mtu wa namna hiyo kwenu. Mtu mwaminifu mpaka unatamani kumtikisa. Pambizo aliizima mashine. Alitembea mpaka kwenye kaunta, akamnyang'anya daftari, na alikuwa na nia ya kuandika mtoto yeyote, wa hewani, amalize balaa hili. Alilifunua upande usiofaa. Lilikuwa limeshonewa ndani ya jalada daftari jingine la zamani, la karatasi za manjano, na ukurasa wa kwanza wa hilo la zamani ulikuwa na mtu mmoja tu. *Mdogo wangu. Miaka saba. Kiuno ishirini na moja. Mguu kumi na tisa.* Na pembeni, kwenye ile safu nyembamba: *Anakua. Acha pindo kubwa.*

Aliikumbuka suruali ile. Pindo lake lilikuwa zito, lilimgonga vifundoni akikimbia, na watoto walimcheka. Kila muhula dada yake aliliteremsha kidole kimoja. Suruali moja, miaka mitatu. Mwanamke huyu huyu aliyemwambia karatasi tupu ni wizi.

Alivua aproni yake iliyojaa wino, akainua mikono.

"Pima," alisema.

"Nipime nini?"

"Nataka koti la kazi. Lenye mifuko. Mimi si mteja?"

Mke wa Pambizo alikuwa ameacha kukunja. Kisha Dada akaweka funguo juu ya kaunta, akavuta futi shingoni, akampima mabega, kifua, mkono, akimgeuza kwa kumshika kiwiko kama alivyokuwa akimgeuza zamani. Akaandika. Jina, mtaa, namba. Pambizo akachungulia juu ya bega lake kuona kile anachoandika kwenye safu ya pembeni.

*Hakui tena. Acha pindo vilevile.*

"Pindo la nini sasa, mtu wa miaka hamsini na nne?"

"Nyamaza," alisema Dada, akarudisha funguo mfukoni. "Na litakuwa tayari shule zikishafunguliwa. Kuna watoto thelathini na tisa mbele yako."